Kusaini si kuandikishwa: mwongozo kamili wa kusoma kikomo cha mishahara cha La Liga

Agosti 2024 kijiwe chetu kilibishana wiki nzima kuhusu Dani Olmo. Mmoja anasema Barcelona wamemsajili kutoka RB Leipzig, mkataba hadi 2030. Mwingine anajibu kwamba hajasajiliwa, ndiyo maana hayupo hata benchi dhidi ya Valencia, na wiki iliyofuata hayupo tena dhidi ya Athletic. Wote wawili walikuwa sahihi. Kiswahili chetu cha mpira kinatumia neno moja, kusajili, kwa mambo mawili tofauti, na ndani ya pengo hilo ndimo kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho ligi kuu ya Hispania inairuhusu klabu kutumia kwa kikosi chake, kinapofanyia kazi yake.

Mwongozo huu ni kwa shabiki anayetaka kupiga hesabu mwenyewe. Ukizifuata hatua hizi utaweza kukaa na kalamu wakati dirisha la usajili likiwa wazi, ukakadiria nani ataondoka, nani ataongezewa mkataba na nani atakaa jukwaani bila jezi. Mfano wangu mkuu ni Barcelona, kwa sababu hakuna klabu kubwa iliyobanwa na kikomo hiki hadharani kiasi kile tangu 2021.

Hatua ya 1: Tenganisha mkataba na leseni

Kusaini ni makubaliano ya mchezaji na klabu. Mshahara unaanza kuhesabika, picha zinapigwa, jezi zinauzwa. Kuandikishwa ni idhini ya ligi: La Liga inapitia hesabu za klabu, ikiona nafasi ipo inampa mchezaji leseni ya kucheza. Bila leseni mchezaji analipwa, anafanya mazoezi, lakini siku ya mechi anakaa na watazamaji.

Katika mwongozo huu nitatumia kusaini kwa la kwanza na kuandikishwa kwa la pili. Nakushauri ufanye hivyo hata kijiweni. Nusu ya ubishi huisha hapo hapo.

Hatua ya 2: Jua kikomo kinatoka wapi

Usikifananishe na kikomo cha ligi za Marekani, ambako timu zote za NFL hupewa kiwango kimoja. Hispania kila klabu ina kikomo chake, kulingana na mfuko wake. Utaratibu ulianza 2013, chini ya rais wa ligi Javier Tebas, baada ya miaka ambayo klabu nyingi za Hispania zilikuwa zikidaiwa na kila mtu, wakiwemo wachezaji wao na mamlaka ya kodi.

Hesabu yenyewe ni ya kutoa tu. Chukua mapato yanayotarajiwa msimu huo: viingilio, haki za televisheni, wadhamini, mauzo ya wachezaji. Toa gharama zisizohusu uwanja, kama wafanyakazi wa ofisi na uendeshaji. Toa madeni yanayopaswa kulipwa msimu huo. Kinachobaki ndicho klabu inaruhusiwa kutumia kwa kikosi. Na kikosi hapa si wachezaji peke yao. Kocha mkuu, msaidizi wake na mwalimu wa viungo wamo.

La Liga hutangaza viwango hivi mara mbili kwa mwaka, baada ya dirisha kubwa na baada ya dirisha dogo. Tazama vya Barcelona: msimu wa 2019/20, euro milioni 671. Septemba 2021, milioni 97.9, wakati Real Madrid walikuwa na takribani milioni 739. Machi 2022 kikashuka chini ya sifuri, hasi milioni 144. Kikomo hasi hakimaanishi kwamba klabu inapaswa kulipa mishahara hasi. Maana yake ni kwamba kwa hesabu za ligi, madeni na hasara vimekwishameza kila kilichopaswa kwenda kwa wachezaji, na klabu haitaandikisha mtu mpaka itengeneze nafasi.

Wala si Barcelona pekee. Septemba 2024 Sevilla, mabingwa mara saba wa Europa League, walipewa kikomo cha milioni 2.5. Kiangazi hicho hicho walikuwa wamemuuza mfungaji wao, Youssef En-Nesyri, kwenda Fenerbahçe. Ukishaona namba ile, mauzo yale hayashangazi.

Hatua ya 3: Pima mchezaji mmoja anagharimu kiasi gani kwa mwaka

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu gazeti linaandika ada ya uhamisho na masikio yetu yanasikia gharama. Kikomo hakiangalii ada nzima. Kinaangalia mwaka mmoja, na mwaka wa mchezaji una vipande vitatu.

Kwanza ni mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Magazeti ya Hispania hupenda kutaja mshahara wa mkononi. Kwa wachezaji wa kipato cha juu karibu nusu huenda kwenye kodi, kwa hiyo ukisoma milioni 10 za mkononi, andika karibu 20 kwenye daftari lako.

Pili ni mgao wa ada. Ada hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Ada ya milioni 60 kwa mkataba wa miaka mitano ni milioni 12 kila mwaka. Tatu ni kamisheni ya wakala na bonasi ya kusaini, ambazo nazo hugawanywa vivyo hivyo.

Tuseme basi mchezaji wa kufikirika: ada milioni 60, miaka mitano, mshahara ghafi milioni 12 kwa mwaka, wakala milioni 5. Gharama yake ya mwaka ni 12 na 12 na 1, jumla milioni 25. Hiyo ndiyo nafasi anayohitaji ili aandikishwe.

Sasa unaelewa pia kwa nini mchezaji huru si wa bure. Hana ada, lakini ana mshahara, na mara nyingi mshahara na bonasi yake huwa vikubwa kwa sababu ada haipo. Mfano mkubwa kuliko wote ni Lionel Messi mwenyewe. Mkataba wake na Barcelona uliisha Juni 2021. Alikuwa huru, alikubali kupunguza nusu ya mshahara, na bado hakuweza kuandikishwa. Rais wa klabu, Joan Laporta, alieleza kwamba mishahara ya kikosi ingefika asilimia 110 ya mapato ya klabu akiwemo Messi, na hata bila yeye ilikuwa asilimia 95. Tarehe 8 Agosti 2021 Messi alisimama mbele ya waandishi akalia. Sijawahi kuona ukurasa wa hesabu ukiumiza watu wengi namna ile kwa siku moja.

Hatua ya 4: Uliza kama klabu iko ndani au nje ya kikomo

Hili swali moja hubadilisha kila kitu. Klabu iliyo ndani ya kikomo inatumia kwa uwiano wa moja kwa moja: euro inayookolewa ni euro inayotumika. Klabu iliyovuka inapewa sehemu tu ya inachookoa. Mwaka 2021 Barcelona ilibanwa na uwiano wa moja kwa nne: kuandikisha mchezaji wa milioni 5 ilibidi kwanza kuokoa milioni 20. Uwiano huu umelegezwa kwa nyakati tofauti tangu hapo, kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu tafuta ule wa msimu husika.

Matokeo yake uwanjani ni makubwa. Klabu iliyo nje ya kikomo haiwezi kubadilisha beki kwa beki wa mshahara uleule. Lazima iondoe wawili au watatu ili aingie mmoja. Kikosi kinapungua unene. Ukisikia kocha wa klabu kama hiyo analalamika kwamba benchi lake ni jepesi, usikimbilie kulaumu wasaka vipaji.

Hatua ya 5: Tengeneza orodha ya wanaoweza kuondoka

Chukua karatasi, andika kikosi kizima, kisha kwa kila mchezaji jaza mambo matatu: anagharimu kiasi gani kwa mwaka, ada yake imebaki kiasi gani kwenye vitabu, na soko lingetoa kiasi gani. Hii ndiyo hatua yenye utamu, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Tuseme mchezaji alinunuliwa kwa milioni 50, mkataba wa miaka mitano, na mitatu imekwisha. Kwenye vitabu amebaki na milioni 20. Mshahara ghafi ni milioni 10, mgao ni milioni 10, jumla anakula milioni 20 kwa mwaka. Klabu ina njia tatu.

Ikimuuza kwa milioni 30, inapata faida ya milioni 10 na kuokoa milioni 20 za mwaka. Safi kabisa.

Ikimuuza kwa milioni 12, inapata hasara ya milioni 8, kwa sababu bado alikuwa na milioni 20 vitabuni. Inaokoa 20 lakini hasara inakula 8. Ndiyo maana klabu yenye shida ya fedha wakati mwingine inakataa ofa ambayo mashabiki wanaiona ya maana. Philippe Coutinho alikuja Barcelona Januari 2018 kwa dau lililotajwa kufika milioni 160 pamoja na nyongeza. Miaka miwili au mitatu baadaye hakukuwa na bei ya soko iliyokaribia salio lake. Ilibidi miaka ipite na salio lipungue, ndipo Mei 2022 Aston Villa wakamchukua moja kwa moja kwa takribani milioni 20.

Njia ya tatu wengi hawaioni: kumwongezea mkataba. Zile milioni 20 zilizobaki zilikuwa zinagawanywa kwa miaka miwili. Akisaini hadi ifike miaka mitano, mgao unashuka kutoka milioni 10 hadi 4. Milioni 6 za nafasi zimepatikana bila yeye kupunguza hata senti ya mshahara. Kwa hiyo ukiona mchezaji wa kawaida amepewa mkataba mrefu ghafla, usiamini mara moja kwamba kocha amempenda. Fungua daftari kwanza. Ubaya wake ni kwamba akishuka kiwango, klabu imebaki naye miaka mitano, na mshahara wake ndio unaofukuza wanunuzi.

Kisha kuna watoto wa akademi. Hawakununuliwa, kwa hiyo kwenye vitabu ni sifuri, na kila senti ya mauzo ni faida. Marc Guiu alipoondoka La Masia, akademi ya Barcelona, kwenda Chelsea 2024 kwa milioni 6, zote sita ziliingia kama faida. Mchezaji aliyenunuliwa angehitaji kuuzwa kwa salio lake lote na milioni 6 juu yake ili kuleta kitu hicho hicho. Hapa ninasema wazi kwamba naona kasoro katika sheria: inamfanya kijana wa nyumbani kuwa bidhaa rahisi kuuza kuliko mgeni ghali aliyeshindwa. Uingereza mambo ni yale yale chini ya sheria zao za hasara. Conor Gallagher, aliyelelewa Chelsea tangu utotoni, aliuzwa Atlético Madrid mwaka ule ule.

Ukimaliza orodha, watu wa kuwatazama kwa makini ni wenye mshahara mkubwa na salio dogo vitabuni. Kuondoka kwao kunaokoa mengi na hakuleti hasara, hata wakiondoka bure. İlkay Gündoğan alitoka Barcelona kurudi Manchester City Agosti 2024 bila ada, mwaka mmoja tu tangu afike naye bila ada. Alikuwa amecheza vizuri, lakini kwenye daftari alikuwa wa kwanza mlangoni.

Mara nyingine daftari linaingia hadi ndani ya dakika tisini. Antoine Griezmann wa Barcelona alipelekwa Atlético kwa mkopo siku ya mwisho ya dirisha la 2021, kukiwa na kipengele cha kumnunua kwa milioni 40 iwapo atacheza idadi fulani ya mechi kwa dakika 45 au zaidi. Mwanzoni mwa msimu wa 2022/23 kocha wa Atlético, Diego Simeone, akawa anamwingiza baada ya saa nzima ya mchezo, mechi baada ya mechi. Aliyetazama bila kujua mkataba angedhani mchezaji ni mgonjwa. Oktoba klabu mbili zikapatana bei ndogo zaidi, na Griezmann akarudi kuanza.

Hatua ya 6: Tambua njia za mkato, na bei ya kila moja

Kupunguza mshahara ndiyo njia safi zaidi. Agosti 2021 Gerard Piqué alikubali kukatwa kwa kiasi kikubwa, na siku moja kabla ya mechi ya kwanza Memphis Depay na Eric García wakaandikishwa.

Kuahirisha mshahara ni jambo jingine kabisa. Oktoba 2020 Piqué, ter Stegen, De Jong na Lenglet walisaini mikataba mipya iliyosogeza sehemu ya malipo mbele. Msimu ule ukapumua, misimu iliyofuata ikabeba mzigo. Miaka miwili baadaye mashabiki walimzomea De Jong kwa mshahara mkubwa, wakati sehemu yake ilikuwa ni pesa alizokubali kusubiri ili klabu ivuke janga la korona. Halikuwa jambo la haki.

Jeraha refu: mchezaji akithibitishwa kuwa nje kwa miezi minne au zaidi, klabu inaruhusiwa kutumia hadi asilimia 80 ya mshahara wake kuandikisha mwingine. Olmo aliingia kwa njia hii, kupitia jeraha la kano ya kisigino la Andreas Christensen. Tarehe 27 Agosti 2024 alicheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Rayo Vallecano na akafunga bao la ushindi. Lakini leseni ya namna hii ina tarehe ya kuisha. Yake ilikuwa 31 Desemba. Barcelona ikauza haki za viti vya watu mashuhuri vya Camp Nou kwa takribani milioni 100, nyaraka zikafika dakika za mwisho, ligi ikakataa. Olmo akakosa mechi mbili za Januari hadi Baraza Kuu la Michezo la Hispania lilipotoa amri ya muda ya kumruhusu acheze tarehe 8 mwezi huo.

Kiangazi cha 2025 mchezo huo ukarudi kwa Marc-André ter Stegen. Alifanyiwa upasuaji wa mgongo, yeye akasema miezi mitatu, klabu ikahitaji minne ili golikipa mpya Joan García aandikishwe. Ter Stegen alikataa kuidhinisha ripoti ya daktari itumwe ligi. Akavuliwa unahodha, akatia saini, akarudishiwa unahodha, yote ndani ya siku mbili. Mgonjwa asiwekwe katika hali ile. Hilo nitalisema hata kama García ameokoa mabao mangapi.

Kuuza mali ndiyo njia kubwa na ya hatari kuliko zote. Kiangazi cha 2022 Barcelona iliuza kwa kampuni ya uwekezaji ya Sixth Street asilimia 25 ya mapato yake ya televisheni ya La Liga kwa miaka 25, na hisa za Barça Studios, kampuni yake ya kutengeneza video, kwa wanunuzi wawili. Lewandowski, Raphinha na Koundé wakaandikishwa. Kikomo kiliruka hadi milioni 656 Septemba 2022. Mwaka mmoja baadaye kilikuwa 270. Zikumbuke namba hizi mbili kila unaposikia klabu imepata pesa: pesa ya kuuza kitu huja mara moja, mshahara uliosainiwa juu yake hurudi kila mwezi.

Tena, ligi ya ndani siyo jicho pekee. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, haikuhesabu mauzo ya haki za televisheni kama mapato ya kawaida, na tangu msimu wa 2025/26 inataka gharama za kikosi zisizidi asilimia 70 ya mapato. Julai 2025 iliitoza Barcelona faini ya milioni 15, na kubwa zaidi ikiwekwa kando endapo masharti yatavunjwa.

Hatua ya 7: Angalia namba za jezi

La Liga inatenga namba 1 hadi 25 kwa wachezaji wa kikosi cha kwanza. Vijana wenye leseni ya timu ya pili huvaa 26 na kuendelea, na wanaweza kucheza timu kubwa bila kushika nafasi katika wale 25. Kwa klabu iliyobanwa hili ni dirisha la hewa. Gavi, Lamine Yamal, Pau Cubarsí na Fermín López wote walipita hapo, na Yamal alicheza mechi ya kwanza ya ligi Aprili 2023 akiwa na miaka 15. Vipaji vilikuwepo, ni kweli. Lakini mlango ulifunguka mapema kwa sababu wa kununua hawakuandikishika.

Dirisha hili hufungika kijana anapostahili mshahara wa kweli. Gavi alisaini mkataba mpya Septemba 2022, ligi ikakataa kuuandikisha, na klabu ikaenda mahakamani Januari 2023 ili apewe namba 6.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia mechi ya kwanza ya msimu, acha kurasa za tetesi. Fungua tovuti ya La Liga, ingia kwenye kikosi cha klabu, tafuta jina la mchezaji mpya. Akiwa hayumo, rudi hatua ya 5 na utazame mwenye mshahara mkubwa na salio dogo. Huyo ndiye simu yake inaita usiku huo.